Mtoto ana usonji, mashine ya kusaga inamliza mpaka anatapika. Nifanyeje?

Mama wa Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Nipo hapa Dodoma. Mwanangu ana miaka mitano, mwaka jana tuliambiwa ana usonji. Sasa jirani kafungua mashine ya kusaga. Ikiunguruma tu, mtoto yuko chini ya kitanda, viganja masikioni, analia mpaka anatapika. Mvua ikipiga bati, vilevile. Cha ajabu nikimwita jina lake nikiwa hatua mbili haitiki, ila nikichana paketi ya biskuti jikoni anakuja mbio! Bibi yake anasema ni kiburi, achapwe. Haya masikio ni mazima kweli?

Fundi Geti: Pole dada. Tafuta kinga ya masikio tunayovaa tukishika grenda, ile inayofunika sikio lote. Mtoto wa kaka yangu inamsaidia. Ila asishinde nayo, akizoea ukimya hata kijiko kikianguka kitamuumiza.

Nesi Mstaafu: Fimbo hapana jamani. Kwanza apimwe masikio, kuna kipimo hufanyika mtoto akiwa amelala, hatakiwi kujibu chochote. Mara nyingi sikio linakutwa zima, kazi iko kwenye ubongo. Mwaka 2010 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walieleza walivyowasikilizisha watoto milio huku wakipima usumaku mdogo wa ubongo. Wenye usonji, ubongo uliitika kwa kuchelewa, wastani wa milisekunde 11 hivi. Utasema si kitu. Lakini maneno hayasubiri: silabi ya kwanza haijatulia, ya pili ishaingia. Halafu ule muungurumo ambao wewe baada ya dakika tano huusikii tena, yeye anaweza kuusikia upya kila sekunde. Kwa hiyo usimwite ukiwa jikoni. Mfuate, chuchumaa mbele yake, sema maneno mawili, nyamaza, subiri.

Mjuaji wa Makole: Atazoea tu, sisi tumekulia karibu na reli.

Nesi Mstaafu: Wewe ulizoea, mkuu. Mama, ongea na jirani akujulishe kabla hajawasha. Kinachomshtua ni kuvamiwa.

Mama wa Nkuhungu: Mrejesho. Jirani kaelewa, siku hizi anabipu kwanza. Leo kabipu, nikamwambia mtoto "mashine inakuja". Kaenda chini ya kitanda kwa miguu yake, amelia kidogo, hajatapika. Bibi yake ndiye anauliza hiyo kinga ya mafundi inauzwa bei gani.

Fundi Geti: Njoo na mtoto tupime kichwa chake, bibi asinunue ya kumbana.