Pikipiki ya stima ya mtoto: kuifunga, kuichaji, kuitunza. Tupeane uzoefu

Mama Wawili, Nakuru

Wazazi wenzangu, hamjambo. Huku Lanet likizo hii pikipiki ndogo za stima zimekuwa nyingi. Watoto wanazizungusha kwenye viwanja na mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na mimi nazipenda kwa sababu zinamtoa mtoto kwenye simu. Lakini naona zinavyopokelewa nyumbani: boksi linafunguliwa jioni, mtoto amesimama hapo hana subira, na giza halijaingia yuko juu yake. Aliyewahi kuifunga, kuichaji au kuitengeneza aseme aliyoyaona mwenyewe.

Naanza. Yetu ni ya volti 24, mota ya wati 350, na ndani ina betri mbili za risasi (lead-acid) za volti 12 kila moja. Kijitabu kinasema ni ya miaka 13 kwenda juu, na mwendo wake wa mwisho ni kama kilomita 22 kwa saa. Binti yangu ametimiza umri huo. Mdogo wake hajautimiza, kwa hivyo haipandi, hata akilia.

Nyuma yote huja imefungwa tayari: gurudumu, mnyororo, mota. Unaachiwa usukani, gurudumu la mbele na fenda. Tuliifunga mchana kweupe, nje, boksi limetandazwa chini ili nati zisipotee. Kitu cha kwanza tulichokiona ni foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Kiwandani huigeuza nyuma ili boksi liwe dogo. Ukifunga gurudumu hivyo hivyo linaingia vizuri tu, na ukitazama haraka huoni kasoro. Ila gurudumu linakaribia fremu kupita kiasi na usukani unakuwa mwepesi wa kupinduka. Linganisha na picha ya kijitabuni kabla ya kukaza chochote.

Bolti za kushika usukani ni nne. Usikaze moja hadi mwisho kisha ukaenda nyingine. Kaza kidogo kidogo, kwa kukingamisha, hadi mwanya wa juu na wa chini ulingane. Halafu bana gurudumu la mbele kwa magoti na ujaribu kuzungusha usukani kwa nguvu zako zote za mtu mzima. Ukicheza, bado. Geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, ukiangalia nyaya: waya uliovutika kwenye kona unaweza kukatika, au kubana breki wakati mtoto hataki.

Mwisho tuliinua gurudumu la nyuma kwa kigoda imara, tukawasha. Baba yao akavuta aksileta, ile ya kuongeza mwendo, na kuiachia. Inapaswa kurudi yenyewe papo hapo, si kwa kuvutwavutwa. Kisha akavuta tena na kushika breki: mota ikakata. Kwenye hizi zetu mkono wa breki una swichi ndogo inayokata umeme wa mota, na hiyo ndiyo inayomwokoa mtoto aliyeshtuka akakaza mikono yote miwili. Swichi isipokata, mtoto asipande. Baada ya kuiendesha mara ya kwanza tulipitia bolti zote tena kwa spana, na mbili zilikuwa zimelegea kwa mtetemo.

Baba Pacha, Kakamega

Asante, Mama Wawili. Mimi nina la chaja tu, lakini naomba kila mtu alisome hadi mwisho.

Yetu ilitumwa na shemeji yangu aliye Marekani. Ilifika na chaja yake yenye plagi ya vibapa viwili. Nilikuwa nimeshanunua adapta ya kuiingiza kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Kabla ya kuchomeka nilipindua chaja kusoma mgongo wake. Maandishi madogo sana, ilibidi nimwite kijana mwenye macho mazuri. Pale penye neno INPUT paliandikwa 120V, 60Hz. Basi.

Stima yetu Kenya ni volti 240. Adapta ile inabadilisha umbo la plagi peke yake, haigusi volti hata moja. Chaja ya 120 ukiichomeka kwenye 240 italipuka au itayeyuka, na ikiwa na bahati mbaya itapitisha huo wazimu hadi kwenye betri. Ungekuta imeandikwa 100-240V, 50/60Hz, hiyo haina neno, ni adapta tu unahitaji. Kwa hivyo chochote kilichotoka Marekani, pindua usome kwanza.

Chaja mpya nilinunua mjini, na hapo pia nikajifunza. Kuna mambo manne lazima yaoane: volti inazotoa, ampea zisizidi zile za awali, aina ya betri, na mpangilio wa pini. Yetu ina tundu la mviringo lenye pini tatu. Chaja mbili zinaweza kuingia tundu hilo hilo huku chanya na hasi zimebadilishana. Muuzaji alisema zote ni sawa. Nilimwomba apime kwa multimita mbele yangu, tukakuta moja kati ya zile mbili alizonionyesha imegeuzwa.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Baba Pacha amesema kweli. Mimi hutengeneza boda na hizi ndogo pia, nitasema ninayokutana nayo mezani.

Kwanza jua betri yako ni ya aina gani. Ya risasi ni nzito, mraba kama tofali, imeandikwa 12V. Ya lithiamu ni nyepesi na mara nyingi ni pakiti moja yenye 36V au zaidi. Tabia zake ni tofauti kabisa. Ya risasi inachukia kukaa bila chaji. Ukiiacha tupu wiki kadhaa, ndani inaota ukoko wa salfeti na haishiki chaji tena. Ndiyo inayouawa zaidi na likizo: mtoto anaimaliza siku ya mwisho, anarudi shule, pikipiki inasukumwa stoo. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7 au zaidi. Ikisoma chini ya 12 ina njaa, ilishe leo leo.

Lithiamu haina shida hiyo sana, lakini ikikosewa inaua. Pakiti ya volti 36 ikijaa inafika volti 42 na hapo chaja yake inasimama. Chaja ya risasi haijui kusimama hapo. Usibadilishane hata kama tundu linaingia.

Kuna mzazi aliniletea pikipiki ambayo betri zake za risasi zilikuwa zimekufa, na mkononi ana pakiti iliyoungwa kwa seli za laptopu kuukuu. Hakukuwa na BMS, ile bodi ndogo inayozuia seli kujaa kupita kiasi. Alitaka nimfungie kwa sababu ni rahisi. Nilikataa, na alikasirika. Bado nakataa. Ni mtoto atakayeikalia. Vile vile siungi waya mahali pa fyuzi. Fyuzi ikikatika kuna sababu, tafuta sababu, kisha rudisha ya kiwango kile kile kilichoandikwa.

Taa ya chaja inasema mengi. Kawaida nyekundu ni inachaji, kijani imejaa. Betri ni tupu, umechomeka, na kijani inawaka papo hapo? Hiyo si kujaa, ni kwamba chaji haifiki. Angalia fyuzi na viungo. Chaja kuwa vuguvugu ni kawaida, lakini ikikuunguza kiganja chomoa.

Na hapa Kisumu jua letu mnalijua. Mtoto akitoka kuendesha, betri ni moto. Iache kivulini angalau nusu saa kabla ya kuchaji. Stima ikipotea, chomoa chaja. Ikirudi, subiri dakika kadhaa ndipo uchomeke, maana mara nyingi hurudi na volti za kupita kiasi.

Mama Wawili, Nakuru

Fundi, swali. Kijitabu kinataka chaji ya kwanza iwe ya saa 12. Sisi tuliichomeka saa kumi na mbili asubuhi tukaichomoa saa kumi na mbili jioni, ili isilale kwenye stima sisi tukiwa usingizini. Ni sawa?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Ni sawa kabisa, mama. Mchana, mtu mzima akiwa macho na nyumbani. Ikitimiza muda ulioandikwa, chomoa.

Shangazi, Bungoma

Nyinyi mmesema ni wakati gani. Mimi nataka kusema ni wapi, maana hili limenikaa moyoni tangu nilichokiona kwa majirani zetu.

Nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja wa kutokea, wa chuma, na madirisha yote yana vyuma vya kuzuia wezi. Na pikipiki ya mtoto watu huiweka wapi usiku? Kwenye korido, kando ya mlango huo huo, ichaji. Kwa jirani ilianza kufuka moshi jioni, wangali wanakula. Ilikuwa ya lithiamu, na siku hiyo mtoto alikuwa ameiangusha mtaroni, ikakaushwa juu juu na kuchomekwa. Ilipiga mluzi kama birika, moshi mweupe mzito ukatoka chini ya kiti. Watu walipita karibu yake wakikohoa, wamembeba bibi. Dakika chache baadaye njia hiyo haikuwepo. Wote wazima, Mungu asifiwe.

Sasa kwetu ya wajukuu inachajiwa kwenye baraza la nyuma, juu ya sementi, chini ya paa, mbali na mlango tunaotokea. Hakuna godoro karibu, hakuna pazia, hakuna mtungi wa gesi wala kidumu cha petroli ya jenereta. Haiko kwenye ekstensheni moja na friji na pasi. Na watoto wameambiwa: ukiona moshi au ukisikia mluzi, usiiguse, usiivute nje, toka na wenzako, funga mlango nyuma yako, ita watu. Mtu mzima azime swichi kuu kama anaifikia salama. Nambari za dharura ni 999 au 112.

Fundi, siku ile kwa jirani mtu mmoja mwenye kizima-moto cha unga alikipuliza, miali ikazimika, kisha ikawaka tena. Kwa nini?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Pole sana, shangazi. Unga unaua miali lakini haupozi seli, na joto linaruka kutoka seli hii hadi ile jirani. Inayopoza ni maji mengi, stima ikiwa imekatwa, na mtu akiwa mbali. Ndiyo maana mimi nasema kazi yetu ni kutoa watu, wa zimamoto wafanye yao. Na betri iliyovimba, iliyotobolewa au iliyozama majini isichomekwe tena hata kama inaonekana imekauka.

Mkulima, Njoro

Kwetu adui ni vumbi. Udongo wetu huu ni mwepesi kama majivu, unaingia kila mahali. Mnyororo wa hizi pikipiki ni mdogo, na watu wengi wanaumwagia oili chafu ya trekta. Oili hiyo inashika vumbi na kuwa msasa, mwisho meno ya gia yanalika. Mimi nasugua kwa brashi kavu, natia matone machache ya oili safi, nafuta inayobaki kwa kitambaa. Mnyororo uwe na mlegeo wa kama sentimita moja katikati. Ukiukaza kama kamba ya gitaa unaharibu mota, ukiulegeza unaruka.

Kabla sijaugusa nazima, natoa ufunguo, naweka mfukoni mwangu. Mota ya stima haina mngurumo wa kukuonya, na kidole cha mtoto kinaingia kati ya mnyororo na gia mara moja.

Upepo wa tairi tunaangalia kila inapotoka. Kiasi kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi laini inakula chaji na kubana tyubu hadi itoboke.

Mama wa Mbale, Vihiga

Kwa mvua zetu nina dogo tu. Msiipeleke kwa wale wa kuosha magari kwa mashine ya presha. Maji yale yanapenya kwenye mota, kontrola (kile kiboksi kinachoongoza umeme wa mota) na tundu la chaji. Kitambaa chenye maji na brashi vinatosha. Kifuniko cha tundu la chaji kikikatika, tafuta kingine.

Na kwa kuwa haina mlio, mbuzi na watoto wadogo hawaisikii ikija. Wangu anaendesha ndani ya uwanja wa kanisa tuliporuhusiwa, helmeti inayofunika hadi kidevu, glavu, viatu vilivyofunga. Barabarani kwa boda na matatu haitoki.

Baba Pacha, Kakamega

Naongeza moja. Betri za risasi zikifa msimpe kijana wa vyuma chakavu azipasue hapo nyumbani. Mnakumbuka Owino Uhuru, Mombasa, watu walivyodhurika na sumu ya risasi, yale madini ya ndani ya betri, kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, hadi mahakama mwaka 2020 ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Muuzaji wa betri atazichukua zikiwa nzima.

Mzazi wa bweni, Kisii

Nimechelewa kufika. Kijana wangu anarudi bweni wiki ijayo, atakaa muhula mzima. Ni za risasi. Niifanyeje pikipiki?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Ijaze kabisa kabla hajaondoka, chomoa chaja, zima swichi, toa ufunguo. Iweke ndani pakavu pasipo joto, magurudumu yakiwa na upepo. Kila mwisho wa mwezi ichaji tena mchana hadi kijani. Akirudi, kabla hajapanda, iweke kwenye kigoda ujaribu aksileta na breki alivyoeleza Mama Wawili, na umpime mtoto mwenyewe pia: akiwa ameongezeka, linganisha uzito wake na ule ulioandikwa kwenye fremu.