Naombeni ushauri, kula mgahawani na kichanga tukiwa likizo

Habari zenu wapendwa, hasa mliokwisha safiri na watoto wadogo. Tunaenda likizo familia nzima na kichanga chetu cha miezi 5, tunapofikia hakuna jiko kwa hiyo milo yote ni kula nje. Mchana sina shida, shida ni usiku, huyu mtoto ikifika saa 1 anataka titi na giza, ukimchelewesha kidogo analia mpaka watu wa meza za jirani wanageuka, na baba yake ndo kwanza anaagiza taratibu kama yuko fungate 😅. Kiti cha watoto bado maana hajaweza kukaa mwenyewe, sasa nimlaze kwenye kigari pembeni ya meza au nimbebe kifuani nile kwa mkono mmoja? Na supu ya moto hapo inakuwaje jamani? Maziwa ya kukamua najua yanakaa kama masaa 4 nje ya friji ila kwenye joto kali siyaamini. Wengine wananiambia twende mapema kabla watu hawajajaa, wengine tununue tukale chumbani. Nyie mlifanyaje? Na kunyonyesha mezani mlikuwa mnajifunika au ndo basi tena?