Naomba ushauri: okidi za kinamasini zinahamishika?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Moshi, upande wa Rau. Nyuma ya shamba letu la mpunga kuna kinamasi kisichokauka hata kiangazi, na humo huota okidi za asili, Eulophia horsfallii. Majani yake ni mapana, yana mikunjo, na bua la maua linaweza kupita kimo cha mtu. Petali ni za waridi, nyuma yake sepali za zambarau iliyokolea. Nazipenda mno, na naumia nikifikiri zitapotea.

Kaka yangu anataka kuchimba mtaro akaushe pale, aongeze majaruba. Simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Ila maji yakishaondoka, hizi okidi ndiyo basi tena.

Kuziotesha upya kwa mbegu si kazi ya nyumbani. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kukua bila kuvu za udongoni kuzilisha. Kwa hiyo nawaza kung'oa shina zima na bonge lake la udongo, nikapande kando ya mfereji wenye maji mwaka mzima.

Aliyewahi kufanya hivi anisaidie: nihamishe kabla ya masika, au maua yakishanyauka? Nikate majani? Na kibali naombea wapi, kwa afisa maliasili wa wilaya au naanzia kata?

Pia mwenye namna ya kumshawishi kaka abakize japo ukanda mdogo, tafadhali aniambie. Amekubali kusubiri hadi tuvune.