Aliyeumia kazini arudishwe, au apewe chake aende?

Mke wa Fundi, Makorora: Salaam wanajamvi. Mume wangu ni fundi mitambo kwenye shamba moja la mkonge huku Tanga. Mwaka jana korona, mtambo wa kuchakata mkonge, ilikwama, akaingiza mkono kuifungua, mtu akawasha. Vidole vinne vya kulia havipo. Miezi minane Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umemlipa asilimia 70 ya mshahara. Sasa daktari kaandika arudi kazini, asinyanyue vizito.

Shamba halikumfukuza, haki isemwe. Limempa "kazi nyepesi": akae getini aandike namba za magari kwenye daftari. Kwa mkono upi? Juzi usiku nimemkuta mezani na daftari la chekechea la mwanetu, anafuatisha a, e, i kwa kushoto, ulimi nje. Akaniona, akalifunga.

Ndugu zake wanasema adai chake aache. Nyie mnasemaje?

Mwenye Karakana, Chumbageni: Pole sana shemeji. Ila mimi nina vijana sita, kazi nyepesi sina. Kumweka mtu kwa huruma ni kumdhalilisha. Alipwe, anunue bodaboda, awe bosi wake mwenyewe.

Msimamizi Mstaafu: Bodaboda? Mafuta na breki ya mbele viko mkono wa kulia, wewe fundi gani!

Halafu mnachanganya mambo. Fidia ya ulemavu wa kudumu ni haki yake hata akiwa bado kazini, si nauli ya kumsindikiza. Kanuni za ajira za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa ulemavu, atazame kama kazi yake inaweza kurekebishwa au ipo nyingine inayomfaa. Aliyeumia kazini ndiyo mzigo wa mwajiri unazidi. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Shamba la mkonge lina watu wangapi? Wewe wa sita nakuelewa, wao hapana.

Kosa lao mimi naliona hapo getini. Wamemtafutia kiti, hawakumuuliza. Mwanangu, wewe umemuuliza?

Mwenye Karakana: Sawa mzee, la breki umenipata. Lakini fundi wa vidole sita kwenye korona, akiumia tena nani atajibu?

Msimamizi Mstaafu: Aliyewasha mtambo mtu akiwa ndani. Huyo vidole vyake kumi vilimsaidia nini mwenzake? Swichi ifungwe kufuli, ufunguo akae nao anayefungua mtambo. Hilo rekebisho ni la wote.

Mke wa Fundi: Nimemuuliza, mzee wangu. Nilikuwa sijawahi, naona haya kusema. Kanijibu bila kufikiri, kumbe alikuwa nalo siku zote: arudi karakana, ashughulikie beringi na visu vya korona mezani, vizito wabebe vijana naye awaelekeze. Mkono wa kushoto utashika zana, na kazi ya kushikilia itafanywa na jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Anataka mawili, moja limefungwa chini kidogo usawa wa kiuno. Barua tunapeleka Jumatatu.

Shemeji wa Chumbageni, jiliwa la inchi 6 siku hizi linauzwaje? Nataka bei niiandike humo humo.