Binti yangu yuko Amu (Lamu), mimi niko Malindi, na sipewi nafasi ya kumwona. Nianzie wapi?

Baba Binti (Malindi)
Assalam aleikum. Mimi na mke wangu tulitalikiana mwaka jana, eda ikaisha, akarudi kwao Amu na binti yetu wa miaka 6. Sikupinga. Mtoto mdogo kukaa na mamake ni sawa, na mamake anamlea vizuri, hilo nalisema wazi. Matumizi natuma kila mwezi kwa M-Pesa, karo nalipa shuleni mwenyewe. Shida ni kumwona. Nikipiga simu, yuko chuoni (madrasa). Nikipiga tena, kalala. Nilifunga safari ya basi kupitia Garsen na Witu, nikavuka Mokowe kwa boti, kufika Langoni babu yake akaniambia mtoto hayupo. Sasa mjomba wake anasema nisipoongeza pesa nisahau kumwona. Rafiki zangu wananishauri nimvizie akitoka chuoni nije naye. Niende kwa Kadhi au mahakama ya watoto? Ningependa Agosti yote awe kwangu, nyanyake anamlilia.

Mama wa Mkomani
Kaka yangu, usimvizie, nakusihi. Wangu alichukuliwa hivyo hivyo na babake. Aliporudi alikuwa akishtuka kila mlango ukigongwa. Na ukifika mahakamani, hilo ndilo litakaloulizwa mwanzo.

Msaidizi wa Sheria
Matumizi na kuonana ni mambo mawili mbali, na yote ni haki ya mtoto. Mjomba hana la kuuza hapo. Wewe nawe, hata ukinyimwa mtoto, usikate pesa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la, na maslahi ya mtoto yanatangulia kila kitu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo.

Anza kwa afisa wa watoto wa Lamu, maana mtoto anakaa huko. Huduma yake ni bure, na atawaita nyote wawili. Beba cheti cha kuzaliwa, cheti cha talaka na taarifa ya M-Pesa. Mkisikizana, andikeni makubaliano ya malezi. Mkiyapeleka mahakamani, hakimu anaweza kuyafanya amri. Kuhusu Kadhi: kifungu cha 170 cha Katiba kinataja ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, malezi hayakutajwa kwa jina, kwa hivyo mawakili hubishana sana hapo. Kutafuta suluhu, Kadhi akusaidie, lakini kesi ikilazimu, ipeleke mahakama ya watoto.

Mzee wa Shela
Hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, ni ya mama mtoto akiwa mdogo, na kwa madhehebu yetu ya Shafii akifika kama miaka 7, akishakuwa na akili ya kupambanua, huulizwa anamtaka nani. Lakini hadhana haimfungii baba mlango! Njoo na mzee wa kwenu, mkae na babu yake baada ya Alasiri, mjomba asiwepo. Babu akiona umekuja na mtu mzima atakusikiliza.

Mama wa Mkomani
Ila Agosti yote ni nyingi kwa mtoto ambaye hajazoea kulala mbali na mamake. Anza kwa kuja Amu wikendi, mshinde naye kwa jamaa zako, arudi jioni. Baadaye siku chache Malindi, ndipo likizo.

Baba Binti (Malindi)
Mmenifungua macho. Agosti nzima naiacha. Nitaomba wikendi moja kwa mwezi, simu baada ya Isha, na Idi tupokezane. Maulidi abaki Amu, najua kwao ni jambo kubwa. Nauli ya kumleta Malindi ni ya nani?

Msaidizi wa Sheria
Jitolee kulipa wewe, pamoja na ya mtu mzima wa kumsindikiza ambaye mamake anamwamini. Iandikwe ndani ya makubaliano, na saa ya kumrudisha pia.