MJADALA: Baba wa kiroho asiyejua hata jina lako, huyo ni mwalimu wako kweli?

Mleta mada:
Wadau, hapa Dodoma siku hizi kuna kauli mbili zinagombana. Vijana wa vyuo, wa UDOM na St John's huko, wanakwambia kukua kiroho hakuhitaji mwalimu, Biblia ipo kwenye simu, Kurani ipo kwenye simu, una bando umemaliza. Wengine wanakwambia bila baba wa kiroho wa kukufunika hutoboi, utazunguka tu hapohapo. Mi nakataa zote mbili ila ya pili naikataa kwa nguvu zaidi.

Tuanze na hao wa simu. Yule towashi Mwethiopia kwenye Matendo ya Mitume sura ya 8 alikuwa na maandiko ya Isaya mkononi, anasoma kabisa tena kwa sauti, Filipo akamuuliza unaelewa unachosoma? Akajibu ntaelewaje na hakuna mtu wa kunielekeza. Na hakuwa mtu wa hivihivi, ndo alikuwa anashika hazina yote ya malkia. Kujitambua ndo kabisa, nyani haoni kundule, unaweza ukasoma mistari ya upole mwaka mzima huku nyumbani wakisikia geti wote wananyamaza na we huna habari kwamba wanakuogopa.

Sasa someni hadi mwisho wa ile habari. Filipo alimweleza, akambatiza, akaondoka. Imeandikwa towashi hakumwona tena, akaenda zake akifurahi. Hakuunganishwa kwenye grupu la wana wa Filipo, hakupewa namba ya kutuma sadaka ya mbegu kila mwezi, wala hakuuziwa maji ya upako.

Sisi tunataka mtu wa jukwaani. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye mkanyagano wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Kule Shakahola, Kenya, kuanzia 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Najua kuna atakayesema nachanganya vitu, mkanyagano ni ajali na Shakahola ni uhalifu. Ni kweli havilingani, ila pote mtu aliacha kichwa chake getini akamwachia mwingine amfikirie.

Na semina za kujitambua nazo ndo hivyohivyo, ukumbi wa AC, kiingilio elfu 30, jamaa anapiga kelele wewe ni simba, unatoka umechangamka na Jumatatu uko palepale.

Mwalimu ninayemkubali mimi ni katekista wetu huku mtaani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ana kauntabuku kaifunika na gazeti, anaandika nani kaja na nani hajaja. Watoto wa kipaimara yeye hawaulizi amri za Mungu tu, anamgeukia mmoja anamuuliza wiki hii umemkosea nani, na umemfanyia nini baada ya hapo? Halafu anakaa kimya. Hajazi, hasaidii jibu, anasubiri tu mpaka mtoto aseme. Kuna kijana aliacha kuja, mzee akapanda bodaboda kwa hela yake hadi Ihumwa kumtafuta akakuta baba mtu anaumwa na kijana ndo anauza mahindi ya kuchoma barabarani. Nabii gani wa kwenye luninga anafanya hiyo? Karibuni mnishambulie.

Mdau wa Chang'ombe:
Mleta mada umeongea ila umeegemea upande mmoja. Sisi kwenye dini yetu kuna kisa cha Nabii Musa na Khidr, Surat al-Kahf. Musa ni mtume kabisa na bado aliomba amfuate mtu ili afundishwe, na sharti alilopewa ni asiulize chochote mpaka aambiwe mwenyewe. Kwa hiyo hii habari yenu ya kila mtu ahoji mwalimu haina msingi, kuna elimu haiingii mpaka unyamaze kwanza. Ustadhi anakurudisha aya moja hata mara kumi na huulizi kwa nini, unarudia. Wenye tarika, yaani njia za kisufi, wanasema asiye na shehe, shehe wake ni shetani. Siyo kila utii ni ujinga kaka.

Mama wa Veyula:
Mi ntaongea lisilopendeza. Mume wangu alikuwa mlevi wa kulala mitaroni, parokia yetu haikumfuata, jumuiya ilikuja mara moja ikala ubwabwa ikaondoka. Aliyemtoa ni huyohuyo mtumishi wa kwenye turubai mnayemcheka. Sadaka tunatoa ndiyo, na jina la mume wangu hajui mpaka leo. Pombe ameacha. Sasa mwanangu hapo niseme hakuwa mwalimu?

Mleta mada:
Mdau wa Chang'ombe, hapo umenibana vizuri, ila malizia kisa. Musa alishindwa kuvumilia mara tatu, wakafika pa kuachana, na kabla ya kuachana alielezwa yote, jahazi lilitobolewa kwa nini, yule kijana aliuawa kwa nini, ukuta ulisimamishwa kwa nini. Mwalimu alikuwa na majibu na aliyatoa. Kunyamaza kulikuwa kwa muda, wenzetu wa kwenye maturubai wanataka unyamaze maisha yote na ukihoji wanasema una pepo. Na ustadhi wako anayekurudisha aya yupo mbele yako, anasikia herufi uliyokosea. Huyo niko naye.

Mama wa Veyula shikamoo. Sina cha kukupinga, mtu akiacha pombe ameacha. Ninachoogopa mama yangu ni siku yule mtumishi akihama au akikamatwa, mzee wako atamshika nani? Na hiyo lawama ya jumuiya kula ubwabwa na kuondoka tuibebe, ni kweli.

Mdau wa Area C:
Mnazunguka. Huyo katekista mnayemsifia analipwa shilingi ngapi? Kwetu hapewi kitu, akiumwa tunachangishana hela ya dawa, lakini tukisikia kuna nabii kaja tunapanda basi hadi Dar na nauli tunapata. Maustadhi wengi nao ndo hivyo, wanaishi kwa hela za mkononi za wazazi na nusu ya wazazi hawatoi. Mtoto wa katekista wenu huyo amerithi kazi ya baba yake? Wa kwetu anaendesha bajaji na ameshasema hataki hata kuisikia. Mleta mada, kwenye jumuiya yako mnamtolea ngapi kwa mwezi? Tuanzie hapo.