Nilisoma utafiti wa dripu redioni, mama akamkatalia mwanawe dripu. Niandikeje?

Mama Zubeda, Busia

Hamjambo ndugu zangu. Naomba msaada, na mnivumilie nikieleza kwa urefu.

Naendesha kipindi cha afya cha Kiswahili kila Jumamosi saa moja jioni, kwenye redio ndogo hapa mpakani. Wanaonisikiliza ni wachuuzi wa sokoni, madereva wa malori wanaosubiri forodhani, wake wa askari, vijana wa boda. Kila mtu ana lugha ya kwao, Kiswahili ndicho kinatukutanisha.

Mwezi uliopita nilichukua utafiti mkubwa uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ukachapishwa 2011. Hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor zilikuwemo. Watoto 3,141 walifika wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Wengine walimiminiwa maji mengi ya mshipa ndani ya saa moja, kama miongozo ya wakati ule ilivyoagiza. Wengine hawakumiminiwa. Waliomiminiwa ndio waliokufa zaidi, hata kazi ikasimamishwa kabla ya muda wake.

Mimi nikasema hewani: "Dripu iliua watoto." Maneno matatu, yanakaa sikioni.

Wiki mbili baadaye mama anayeuza mukene, yaani dagaa, karibu na steji akanishika mkono. Mwanawe wa mwaka na nusu alikuwa ameharisha siku mbili, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Musawo, yaani mhudumu wa afya, alipoleta dripu, mama akambeba mtoto wake akatoka naye. Aliniambia, "Si wewe ulisema?" Shemeji yake ndiye aliyemrudisha kituoni usiku ule. Mtoto akawekewa maji, akapona, nimemwona mwenyewe akicheza chini ya meza ya samaki. Lakini nililia nilipofika nyumbani.

Nikausoma utafiti upya. Watoto wa kuharisha hawakuwemo kabisa. Waliachwa nje tangu mwanzo, pamoja na wenye utapiamlo mkali. Na hilo nilikuwa nimelisoma! Nililikata nikidhani ni la wataalamu, dakika zangu ni 12 tu.

Ninyi mnaoandika au kueleza mambo haya kwa watu wa kawaida, mnafanyaje yawe mepesi bila kukata kile ambacho mtu atakihitaji saa nane za usiku akiwa na mtoto mgongoni?

Sista wa Zamu, Tororo

Pole sana dada yangu. Umefanya vizuri kusema.

Kuna jambo jingine bado hujaligusa. Wale watoto ambao hawakumiminiwa, wengi wanadhani waliachwa bila kitu. Hapana. Walipata maji ya mshipa ya kawaida, taratibu, na matibabu mengine: dawa za malaria, antibiotiki, damu kwa waliohitaji. Kilichopimwa ni wingi wa maji na mbio zake. Kwa hiyo neno "dripu" peke yake lilikuwa limeshapotosha kabla hujafika kwenye habari ya kuharisha.

Halafu hesabu. Usiseme "vifo viliongezeka kwa asilimia 45". Mama atasikia kwamba karibu nusu ya watoto walikufa. Mimi wodini nachukua ungo na maharagwe 100, meupe, na mekundu machache. Ambao hawakumiminiwa: karibu 7 katika 100 walifariki ndani ya siku mbili. Waliomiminiwa: kati ya 10 na 11. Nilipopanga mekundu hivyo, bibi mmoja aliokota yale matatu ya ziada akayashika kiganjani, akaniuliza, "Hawa wangerudi nyumbani?" Nikamjibu ndiyo, bibi. Sijapata kuona mtu akielewa takwimu kuliko yule.

Redioni huna ungo, lakini waambie wafikirie watoto 100 wa kijiji kimoja.

Baba Musa, Bombo

Dada, shikamoo ya heshima ingawa huenda nakuzidi umri. Mwanangu aliwahi kuingizwa kwenye utafiti, si huu. Walitoa damu mara nne. Nilitia sahihi karatasi nyingi za Kiingereza, kijana akinitafsiria harakaharaka akiangalia saa. Hadi leo hakuna aliyerudi kuniambia walichokipata. Mtoto sasa yuko sekondari. Nikikusikia umerudi kutafuta ulipokosea, moyo wangu unafurahi.

Ushauri wangu ni mdogo. Kabla ya Jumamosi msomee mtu mmoja. Usimuulize "umeelewa?" maana kila mtu husema ndiyo. Muulize, "Jirani yako utamwambia nini?" Hapo utasikia mwenyewe maneno yako yamegeuka nini.

Kijana wa Malaba

Naunga mkono. Huku kwetu ile sindano ya kuzuia VVU ya mara mbili kwa mwaka watu wanaiita chanjo. Si chanjo, ni dawa, ukiiacha kinga inaisha. Kwenye utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotangazwa 2024, katika wanawake 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Habari njema sana! Ila walikuwa wanawake wa miaka 16 hadi 25, na madereva wenzangu walipoisikia walidhani ni wao ndio waliopimwa.

Mama Zubeda, Busia

Asanteni kwa moyo wote. Baba Musa, marahaba nimeipokea, na shikamoo kwako. Nimeandika upya mwanzo:

"Habari hii ni ya mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi. Kama mwanao anaharisha, utafiti huu haukumhusu. Mpe ORS, mpeleke kituoni, na musawo akisema dripu, kubali. Sasa, wale wa homa: fikiria watoto 100 wa kijiji kimoja..."

Nimeipima kwa saa, ni sekunde 20. Kesho alfajiri namsomea mama wa mukene kabla hajapanga meza, nimuulize jirani yake atamwambia nini.